Redio ya Jikoni na Baraza la Masikio

Ipo nchi moja ambayo jina lake silitaji. Si kwamba naogopa, la hasha. Ni kwamba wenyewe hubadilisha jina kila wakipata Rais mpya, na nisingependa kukuchanganya. Ukisoma habari zake ukaona zinafanana na za nchi unayoijua wewe, hilo ni shauri lako na macho yako, mimi simo. Mimi nina nyumba ya vyumba viwili na shamba la mihogo, na bado napenda kuendelea kuwa navyo.

Watu wa nchi hiyo wana adabu kutushinda sisi. Ukialikwa chakula kwao, hutoki mkekani mpaka umsifu mpishi, na sifa yako iwe mpya, haijasemwa na mwenzako yeyote. Mkubwa husema kwanza, wadogo wakafuata. Wa kwanza akishasema wali umeiva, basi wali huo haugusiki tena. Wa pili atasifu nazi, wa tatu atapapasa mpaka aikumbuke iliki. Anayerudia sifa ya mwenziwe ni kama amemtukana mwenye nyumba, kwa maana amekula kama mbuzi, ametafuna bila kuonja. Anayenyamaza ndiyo kabisa, huyo hata maji ya kunawa haletewi. Kwa hiyo aliyekaa mwisho wa mkeka huwa na kazi kubwa kuliko aliyepika. Wapo waliowahi kusifu kuni.

Ikaja mitambo ya muziki, na adabu ile ikahamia sebuleni. Mtu akinunua amplifaya na spika zake, alialika watu, akawapa kahawa na halua, akawawekea santuri, kisha kila mmoja akatoa ushuhuda wa alichokisikia, naye asirudie la mwenzake. Mwanzo walisema mambo ya kawaida, kwamba besi ni nzito na mwimbaji anasikika vizuri. Lakini maneno ya kawaida ni machache na wageni ni wengi. Haukupita muda watu wakaanza kusikia besi yenye haya, na zumari lililolelewa na bibi, na kimya chenye mafuta mazuri. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka mtambo wake usisikike hivyo, wakanunua waya zenye unene wa mguu wa ndama, wakanunua vigoda vya mpingo vya kukalishia spika, wakanunua mawe ya mtoni ya kuweka juu ya amplifaya ili itulie moyo.

Sasa serikali ya nchi ile ina tabia moja. Ikiona wananchi wanafurahia jambo, haipati usingizi mpaka ilisimamie. Ikaunda Wizara ya Usikivu. Wizara ikatangaza kwamba raia wa kawaida ana masikio ghafi, yaani hayajasafishwa, na kumwachia mtu wa namna hiyo achague mtambo wake mwenyewe ni kumwonea. Likaundwa Baraza la Masikio, wajumbe saba, kila mmoja na cheo cha Mstahiki, kazi yao kusikiliza kwa niaba ya taifa na kutoa ushuhuda redioni ili watu wajue wanunue nini. Juu ya mlango wa Baraza wakaandika: Sikio halipiti kichwa. Kichwa alikuwa Mtukufu Rais, kama utakuwa hujaelewa.

Mjumbe wa saba, yaani wa mwisho, aliitwa Saburi Kirungi, na hadithi hii ni yake.

Saburi alikuwa karani katika Idara ya Ngozi. Hakuwa mtu wa muziki. Aliingia Barazani kwa bahati, au kwa jino, utaamua mwenyewe. Siku moja Waziri wa Usikivu aliwaalika watu kwake kusikiliza mtambo mpya, na mgeni mmoja wa maana akaumwa tumbo, ikabidi atafutwe mtu wa kujaza nafasi. Saburi akaokotwa barabarani akiwa bado ananuka ngozi mbichi, akakalishwa mwisho kabisa. Santuri ikapigwa. Wenzake wakamaliza maneno yote ya duniani, hata kimya chenye mafuta kikachukuliwa. Ikafika zamu yake, na yeye alichosikia ni mzee mmoja anapiga udi, basi. Jasho likamtoka. Na kwa kuwa siku hiyo jino lake mwenyewe lilikuwa linamuuma, akasema amesikia mpiga udi ana jino bovu, la chini, upande wa kushoto.

Waziri akatuma watu wakaulize. Mpiga udi alikuwa na miaka themanini. Walipomfungua kinywa hawakukuta hata jino moja zima. Waziri alilia machozi. Hata mwezi haukuisha, Saburi akawa Mstahiki.

Akapewa nyumba ya serikali yenye baraza pana na mti wa mpera uani. Yule ambaye mtaani walimwita "wewe wa ngozi" sasa aliamkiwa na watu wazima waliomzidi umri, shikamoo Mstahiki, za kuamka Mstahiki, Mstahiki umeamkaje na jino. Sitaki kumsema vibaya, lakini alizipenda salamu zile. Alikuwa anatoka nyumbani mapema makusudi ili azipate zote.

Tatizo lilikuwa moja, nalo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Saburi hakusikia tofauti. Mtambo wa bei ya nyumba na mtambo wa bei ya baiskeli, kwake yote ilipiga wimbo uleule. Waya nene, waya nyembamba, jiwe, bila jiwe, aliyekuwa anaimba aliendelea kuimba. Kwanza alidhani ni yeye tu, kwamba mamake alimnyima kitu. Baadaye akaanza kuwatazama wenzake wanavyofumba macho, na akaona kwamba hufumbua jicho moja kidogo kuangalia mtambo umeandikwa jina gani. Tangu hapo akawa na mashaka, na mtu mwenye mashaka akiwa na cheo hulala vibaya.

Mkewe, Bi Tunu, hakuwa na mashaka yoyote. Alikuwa na redio yake ya jikoni, ndogo, ya plastiki, ambayo paka aliwahi kuiangusha kutoka kwenye shubaka ikapata ufa tangu juu hadi chini, akaifunga kwa mpira wa baiskeli. Alipika nayo, alifua nayo, alisikiliza matangazo ya vifo, mpira, bei za vitunguu na nyimbo za zamani. Ndiyo iliyomtangazia harusi ya mtoto wao Zena, na ndiyo iliyomliza alipokufa kaka yake. Akiulizwa sauti yake ikoje, alisema inasikika.

Lakini sheria ilitaka sebule ya Mstahiki iwe na mtambo wa Daraja la Kwanza, kwa hiyo mume na mke wakaenda dukani. Mwenye duka akawaonyesha mitambo miwili, mmoja mkubwa kama kabati la nguo, mwingine wa kawaida, akaanza kueleza jinsi ule mkubwa unavyopumua. Bi Tunu akamsikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akavua kanga ya juu, akasema hebu tufunike yote miwili, upige mmoja, halafu upige mwingine, usiniambie upi ni upi, nami nitakuambia kama naona tofauti.

Mwenye duka alibadilika rangi. Wateja wengine wakaondoka mmoja mmoja, kama watu waliokumbuka kuacha sufuria motoni. Kabla jua halijageuka, Waziri alikuwa ameshatoa ufafanuzi redioni kwamba kufunika mtambo ni kuudhalilisha, kwamba sauti huanza machoni, na akauliza kwa uchungu: mwananchi atawezaje kusikia ubora wa kitu asichojua bei yake?

Hawakumfunga Bi Tunu, kwa kuwa ni nchi ya upole. Walimpeleka darasa la kusafisha masikio. Huko walimsomea kwanza bei ya mtambo, wakampigia muziki, wakamuuliza amesikia nini. Akasema amesikia bei. Wakamrudisha nyumbani na barua ya kumpa pole mumewe, na mtambo mkubwa ukaletwa, ukajaa sebule nzima, viti vikahamia barazani. Bi Tunu akaupangusa vumbi kila Ijumaa na kurudi jikoni kwake.

Ungeweza kuuliza, kwa nini Saburi hakujiuzulu akarudi kwenye ngozi zake kwa amani. Jibu lake lilikuwa linapita sokoni kila asubuhi, limevaa kanzu iliyofifia na kubeba kikapu kitupu. Aliitwa Bwana Chande.

Bwana Chande ndiye aliyekuwa mjumbe wa saba kabla ya Saburi. Siku moja, baada ya wenzake sita kusema yao, alisikia besi yenye haya. Kumbe wa tatu alikuwa ameshaisikia. Alirudia, ikawa basi. Baraza likamtangaza kuwa Kiziwi wa Serikali. Hapigwi mtu wa namna hiyo, hafungwi, hanyang'anywi chakula. Ila kiziwi hasalimiwi. Sheria inasema salamu ni sauti ya taifa, na kuitoa kwa asiyeisikia ni ufujaji. Basi Bwana Chande akipita, sokoni kote watu hukazana kutazama nyanya. Watoto aliowafundisha kusoma huinama kufunga kamba za viatu, hata waliovaa ndara.

Bi Tunu alimsalimia. Akimwona husimama katikati ya njia na kusema, "Shikamoo, Bwana Chande, habari za nyumbani?" na mzee humjibu marahaba moja ndefu, kisha habari za nyumbani, za mguu, za paka, za mvua, maana majibu yalikuwa yamemjaa kifuani wiki nzima. Saburi alimsihi mkewe aache. Alimwambia wataonekana. Bi Tunu akamjibu kwamba yeye ana masikio ghafi, hajui nani kiziwi na nani si kiziwi. Saburi mwenyewe, kila alipomwona yule mzee, aligeuka kutazama nyanya kama wengine. Alikiogopa kile kikapu kitupu kuliko alivyoogopa kaburi, kwani hata kaburini watu huja wakatoa salamu.

Ndipo Mtukufu alipoagiza mtambo wake.

Ulitoka ng'ambo. Ulikuja kwa meli ya peke yake, na ilibidi ukuta mmoja wa Ukumbi wa Taifa ubomolewe ili uingie, halafu ukajengwa tena, halafu ukabomolewa ili kuingiza waya. Mtukufu alikuwa na nia njema, kama kawaida yake. Alitaka kila nyumba nchini ikabidhi redio iliyonayo na ipewe mdogo wake mtambo huu, mwenye kimo cha mtoto wa darasa la pili, na bei yake ikatwe katika mshahara wa baba, na baba akifa, wa mwana. Wabaya wakasema mwenye kuiuza mitambo hiyo ni shemeji yake Mtukufu. Si kweli. Alikuwa mkwewe.

Ila desturi ni desturi. Mtambo haupiti bila ushuhuda wa Baraza zima, wajumbe wote saba, kila mmoja na neno jipya, tena moja kwa moja redioni taifa likisikia. Ikapangwa siku. Na cha kusikilizwa hakikuwa wimbo. Ilikuwa hotuba ya Mtukufu mwenyewe ya Siku ya Shibe, ile ambayo hutolewa kila mwaka kabla ya mavuno, kueleza kwamba watu wameshiba.

Asubuhi hiyo Saburi hakuweza kunywa chai. Bi Tunu alimfunga vifungo vya kanzu, akamwambia asiwe na wasiwasi, aseme tu alichokisikia. Saburi akamtazama kama mtu aliyeambiwa aruke bahari kwa mguu mmoja.

Ukumbi ulifurika. Mtukufu alikaa mbele, miguu juu ya kigoda cha mpingo. Mtambo ukawashwa, hotuba ikapigwa, na Saburi akafumba macho kama wenzake. Alisikia Mtukufu akisema watu wameshiba. Alisikia watu wakipiga makofi. Alisikia Mtukufu akikohoa mahali palepale anapokohoa kila mwaka. Hotuba ikaisha.

Mwenyekiti, Mstahiki Ngwali, mzee mnene mwenye sauti ya kusomea nikahi, akasimama akasema amesikia utukufu wenyewe, si sauti yake tu bali uzito wake, kama kilo tisini hivi. Makofi. Wa pili akasikia bendera ikipepea nyuma ya msemaji, na rangi zake zote kwa mpangilio. Wa tatu akasikia shibe katika matumbo ya wasikilizaji. Wa nne akasikia mashamba yakisikiliza. Wa tano, ambaye alikuwa mtu wa dini, akasikia malaika wakiombana radhi kwa kuchelewa. Mtukufu alikuwa anatikisa kichwa taratibu, na kila akitikisa, makofi yanazidi.

Wa sita alikuwa Mstahiki Mwanakombo, mama mwembamba ambaye hakuwahi kumsamehe Saburi kwa lile jino. Siku zote aliona lingekuwa lake. Akasimama, akasafisha koo, akasema amesikia meno ya Mtukufu, yote thelathini na mawili, mazima, ya juu na ya chini, kushoto na kulia. Kisha akageuka kumtazama Saburi, akatabasamu, akaongeza kwamba amesikia pia pumzi yake, moyo wake, maini, figo, babu zake, vitukuu wake ambao hawajazaliwa, na upepo, na mvua, na jua.

Akakaa. Hakuacha kitu.

Saburi alisimama kwa sababu kulikuwa hakuna jinsi. Mbele yake kulikuwa na kinasa sauti, na nyuma ya kinasa sauti nchi nzima. Akatafuta katika mwili wa Mtukufu, hakukubaki kiungo. Akatafuta mbinguni, malaika walishatumika. Akafikiria kuni, lakini hotuba haipikwi kwa kuni. Mstahiki Ngwali akakohoa. Saburi akaiona ile njia ya sokoni na watu wote wameinamia nyanya, na aliyepita na kikapu alikuwa yeye. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Na mtu akishapekua mfuko wote wa uongo akaukuta mtupu, mkono wake hugusa kilichokuwa chini kabisa.

"Nimesikia vilevile," akasema.

Hakuna aliyeelewa. Akajikuta anaendelea. "Nimesikia kama ninavyosikia siku zote kwenye redio ya mke wangu, kule jikoni. Hakuna tofauti."

Ukumbi ulinyamaza mpaka taa zikasikika. Mstahiki Ngwali akamwinamia jirani yake. Akamnong'oneza wa pili, wa pili akamnong'oneza wa tatu. Walikuwa wanatafuta kama kuna aliyewahi kusema neno hilo, tangu enzi za mikeka na sinia, ili wamtangaze kiziwi pale pale. Hapakuwa na mtu. Katika ushuhuda wote uliowahi kutolewa katika nchi ile, hakuna mmoja aliyewahi kusema hakuna tofauti. Mstahiki Ngwali akapangusa jasho, akatamka kwa taabu kwamba neno ni jipya na kwa mujibu wa desturi limekubaliwa.

Saburi alihisi wepesi ambao hakuwa ameuhisi tangu siku za ngozi, kama mtu aliyevua viatu vya kuazima. Alitamani kucheka. Alitamani Bi Tunu awe pale.

Mtukufu akasimama. Alikuwa mfupi kuliko katika picha. Akamkaribia Saburi, akauliza kwa upole, na upole wake ndio watu waliouogopa: "Hiyo redio ya mkeo ina nini?"

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa limekwishapanda mpaka ulimini: haina kitu, Mtukufu, na huu wako nao hauna kitu, ni redio tu, zote ni redio. Maneno machache. Taifa zima lilikuwa linasikiliza, na walinzi walikuwa wamesimama mlangoni, na kiti chake cha Mstahiki kilikuwa nyuma yake, kina mto mwekundu. Akalimeza.

"Ina ufa, Mtukufu," akasema. "Sauti hupumulia pale."

Lo! Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Mstahiki Ngwali alisema ndiyo, ndiyo, hata yeye alikuwa anahisi mtambo huu umebanwa kifua. Mwanakombo aliuma kidole. Mtukufu aligeuka akautazama mtambo wake, mzima, unang'aa, hauna hata mkwaruzo, na uso wake ukawa wa mtu aliyeuziwa mbuzi akiwa gizani. Kumbe ng'ambo wamemtapeli! Ikaletwa nyundo ya seremala, na mbele ya kinasa sauti, Rais wa nchi akaupasua mtambo wake ubavuni kwa mkono wake mwenyewe ili upate kupumua. Halafu akatoa amri kwamba redio ya jikoni kwa Mstahiki Saburi, kuanzia dakika hiyo, ni mali ya taifa.

Majirani wanasema Bi Tunu alikuwa anapepeta mchele huku redio iko shubakani, na alikuwa anasikiliza tangu mwanzo. Mumewe aliposema hakuna tofauti, walimsikia akipiga kigelegele kimoja kirefu, hata wakadhani Zena kajifungua. Baada ya hapo kimya. Kisha redio ikatangaza kwamba redio hiyo itachukuliwa, na gari la serikali likafika kabla mtangazaji hajamaliza kusoma amri. Waliibeba ikiwa bado inaongea. Ilitoka mlangoni ikitoa taarifa ya kutolewa kwake mlangoni, ikateremka ngazi, ikapakiwa kwenye gari, sauti ikaenda inafifia barabarani mpaka kona ya msikiti.

Saburi hakurudi nyumbani siku hiyo. Alifanywa Mwenyekiti papo hapo, na Mstahiki Ngwali akashushwa mpaka kiti cha saba, akaanza kukonda. Ikabidi Saburi azungushwe mikoani kubariki nyufa. Nchi nzima ilikuwa inapasua redio. Walizuka mafundi wa ufa, na mabingwa wa ufa, na chuo cha ufa kikafunguliwa na Mtukufu mwenyewe. Ikajulikana kwamba ufa wa nyundo ni wa hovyo, una sauti ya ukaidi; ufa bora ni wa paka. Paka wakapanda bei kuliko mbuzi. Watu waliweka redio juu ya makabati, wakampandisha paka, wakakaa chini wakimwomba. Wengine walianza kusikia rangi ya paka aliyeangusha. Na zile redio ndogo zisizo na ufa zilikusanywa na kuchomwa, kwa usalama wa wenyewe.

Kila alipofika, Saburi alisema kwanza. Sasa alikuwa mkubwa, na mkubwa husema anachotaka, kwa kuwa maneno yote bado yako mezani. Hakuwa na haja ya kuogopa tena maisha yake yote. Watu walijipanga barabarani kumsalimia, wakamsalimia kwa zamu, wakamsalimia na gari lake. Mikono ilimuuma kwa kuipunga.

Alirudi kwake alasiri moja, gari lina bendera, mtaa mzima umetoka nje kumwamkia. Akajibu zote, akafika mlangoni amechoka kwa furaha. Akapita sebuleni kando ya lile kabati la muziki ambalo sasa nalo lilikuwa na ufa ubavuni, akaingia jikoni.

Bi Tunu alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Shubakani palikuwa na alama safi ya mraba mahali redio ilipokaa miaka yote ile, na pembeni yake ule mpira wa baiskeli, ambao serikali haikuuhitaji.

Saburi akamsalimia. Bi Tunu aliendelea kukuna. Akamwambia ataletewa redio nyingine, ataletewa hata kumi, zenye nyufa za paka halisi, Mtukufu ameahidi. Akamweleza kwamba hakuwa na la kufanya, kwamba pale ukumbini palikuwa na walinzi, kwamba hata hivyo mambo yamekuwa mazuri, nyumba ni yao mpaka kufa. Akasalimia tena. Nazi ilikuwa inaangukia kwenye sinia, nyeupe, kidogo kidogo.

"Mama Zena," akasema, "nakusalimia mara mbili. Kwani hunisikii?"

Bi Tunu akaweka kifuu chini. Akamtazama bila hasira, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.

"Nilikusikia, Baba Zena. Siku ile uliposema hakuna tofauti, nilikusikia vizuri kabisa. Nikaacha mchele, nikakaa chini, nikasema huyo ndiye mume wangu, miaka yote hii nilikuwa nasubiri aseme kitu." Akachukua kifuu kingine. "Halafu akaja mwingine akaanza kusema habari za ufa. Huyo simjui, na mtu nisiyemjua simjibu mpaka aseme amemfuata nani hapa."

Nje, majirani walikuwa bado wanaita, shikamoo Mstahiki, shikamoo Mwenyekiti. Saburi alisimama mlangoni mwa jikoni, ameshika kofia yake mkononi, anatafuta la kusema ambalo halijasemwa.